Fuata Pakiti Moja: Mwongozo Kamili wa Kusoma Mawasiliano ya Data na Mitandao ya Kompyuta Chuoni, Dar es Salaam

Kila muhula unapokaribia ukingoni, vijana wa vyuo hunifuata na madesa yao. Awe anasoma kampasi ya Kijitonyama ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, DIT pale mjini, au IFM, desa ni lile lile: matabaka saba ya OSI (mfumo unaogawa kazi za mtandao) yamepangwa kama ngazi, kila moja na mistari miwili ya kukremu. Namuuliza tabaka la tatu kazi yake nini, anajibu bila kusita. Kisha namuuliza: "Juzi simu yako ilishika Wi-Fi ya hosteli, mawimbi yamejaa, lakini hakuna ukurasa uliofunguka. Tatizo lilikuwa tabaka gani, na ungejuaje?" Hapo ananyamaza.

Somo hili linaelezea safari. Anayelisoma kama orodha hulisahau siku mbili baada ya mtihani, na akifika kazini huanza upya. Njia ninayoiamini, na niliyoiona ikiwatoa wengi kwenye hatari ya sapu, ni kuchukua pakiti moja, yaani kifurushi kimoja cha data, na kuifuata tangu inapotoka kwenye simu yako hadi jibu linaporudi. Kila unachofundishwa darasani kina mahali pake kwenye safari hiyo.

Hatua ya 1: Safisha hesabu kabla muhula haujakolea

Wiki mbili za mwanzo mwalimu huwa bado anaelezea historia na aina za mitandao. Zitumie kwa hesabu. Wengi wanaoanguka somo hili huangushwa na mambo matatu madogo kuliko itifaki (kanuni za mawasiliano kati ya vifaa) yoyote.

La kwanza ni vipeo vya 2. Andika 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1 juu ya karatasi na ugeuze namba kila siku mpaka uione 192 kuwa 11000000 bila kushika kalamu. La pili ni logi, hasa ya kizio cha 2 na desibeli. La tatu ni biti na baiti. Bando lako unauziwa kwa megabaiti, kasi unatangaziwa kwa megabiti kwa sekunde, na baiti moja ni biti 8. Faili la megabaiti 700 ni megabiti 5,600. Kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde litachukua sekunde 560, yaani dakika 9 na sekunde 20, hata kama mtandao hauna hitilafu yoyote. Kumbuka pia kwamba kwenye kasi ya mawasiliano kilo ni 1,000 kamili. Ile 1,024 ni ya kumbukumbu ya kompyuta, na ukizichanganya unapoteza alama kwenye swali ambalo umelielewa.

Hatua ya 2: Chora safari ukutani

Nunua manila moja steshenari, ibandike juu ya kitanda. Kushoto chora simu yako hosteli ya Mabibo, kulia chora seva ya tovuti unayoitembelea kila siku. Katikati weka kifaa cha Wi-Fi, ruta, mtoa huduma, na vituo vinavyofuata. Sasa andika kinachotokea unapobonyeza anwani ya tovuti hiyo.

Simu ilipojiunga na Wi-Fi ilipewa anwani kwa itifaki ya DHCP, tuseme 192.168.1.25, pamoja na maski (namba inayoonyesha sehemu ipi ya anwani ni ya mtandao), anwani ya ruta 192.168.1.1 na anwani ya seva ya majina. Simu haijui jina la tovuti liko kwenye anwani gani, kwa hiyo inaiuliza seva ya majina kwa DNS, mara nyingi juu ya UDP (njia ya kutuma bila kufungua mazungumzo kwanza), mlango (port) wa 53. Lakini hata swali hilo ni pakiti, nayo inahitaji njia ya kutoka. Simu inalinganisha anwani ya seva ya majina na maski yake. Ikiona iko nje ya mtandao wa nyumbani, pakiti lazima ipitie ruta. Ili kuifikia ruta inahitaji anwani ya MAC, ile ya kifaa chenyewe, ya biti 48, na hapo ARP, itifaki ya kuitafuta anwani hiyo, inapaza sauti kwa wote: nani mwenye 192.168.1.1? Ruta inajibu. Ndipo fremu ya kwanza, yaani pakiti iliyovalishwa anwani za MAC, inatoka.

Jibu la DNS likirudi, simu inafungua mazungumzo ya TCP na seva: SYN inakwenda, SYN-ACK inarudi, ACK inakwenda. Kisha wanapatana funguo za usiri kwenye mlango wa 443, na hapo tu ombi la ukurasa linatumwa.

Shika jambo moja katika mchoro huo, kwa sababu watunga mitihani wanalipenda na mafundi wanaliishi. Kwenye kila ruta, fremu inavuliwa na mpya inavalishwa, kwa hiyo anwani za MAC hubadilika kila kituo. Anwani ya IP ya mwisho wa safari haibadiliki. Ile ya mtumaji hubadilishwa pale kwenye NAT (ruta inapoweka anwani ya nje badala ya ile ya ndani), maana 192.168.1.25 ni anwani ya ndani isiyotambulika kwenye intaneti. TTL, namba ya vituo ambavyo pakiti inaruhusiwa kupita, nayo hupungua kwa moja kila ruta, ili pakiti iliyopotea isizunguke milele.

Ukiweza kusimama mbele ya manila na kusimulia haya yote bila kutazama popote, umeshika karibu nusu ya kozi. Kila wiki ongeza kipya: ukifundishwa swichi, iweke, ukifundishwa BGP (itifaki ambayo watoa huduma huitumia kuelezana njia), iweke pale mtoa huduma mmoja anapokutana na mwingine.

Na lile swali la Wi-Fi ya hosteli? Tumia amri ya ping, inayotuma swali fupi na kungoja jibu, kwa ruta. Ikijibu, tabaka la kwanza na la pili ni wazima. Kisha tuma ping kwa anwani ya namba iliyoko nje. Ikijibu, njia ipo. Kama namba inajibu na jina halijibu, mgonjwa ni DNS.

Hatua ya 3: Elewa ucheleweshaji kupitia pantoni

Sehemu ya mawasiliano ya data ndiyo inayotisha kwa sababu ina fizikia. Msingi wake ni hoja ya Claude Shannon ya mwaka 1948: kila njia ina kikomo cha biti inazoweza kubeba, na kikomo hicho hutegemea upana wa masafa na uwiano wa ishara kwa kelele. Fomula yake ni upana wa masafa zidisha na logi ya kizio cha 2 ya (1 + uwiano). Chukua laini ya simu yenye upana wa hezi 3,100 na uwiano wa desibeli 30. Kosa la kila mwaka ni kuingiza 30 kwenye fomula. Desibeli 30 ni mara 1,000, kwa hiyo unatafuta logi ya kizio cha 2 ya 1,001, ambayo ni kama 9.97, zidisha na 3,100 upate takribani biti 30,900 kwa sekunde. Fomula ya Nyquist inahusu njia isiyo na kelele. Ukipewa zote mbili, kokotoa zote na uchukue kikomo kidogo.

Halafu kuna aina nne za ucheleweshaji, na kwa hizi sijapata mwalimu bora kuliko kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni. Kukaguliwa tiketi getini ni muda wa kusindika. Kusubiri nyuma ya magari mengine ni foleni, na neno ni hilo hilo kwenye mitandao. Muda wa magari kupanda chomboni, moja baada ya jingine, ni muda wa kusukuma biti kwenye waya. Muda wa kuvuka maji ni muda wa kusafiri. Ukipanua mlango wa kupandia, magari yatapanda haraka, ila bahari haipungui upana. Mfano una mpaka wake: pantoni hungoja magari yote yapande, ilhali biti ya kwanza huondoka wakati ya mwisho bado iko nyuma kwenye foleni.

Weka namba. Pakiti ya baiti 1,500 ni biti 12,000. Kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde, kuisukuma kunachukua milisekunde 1.2. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kebo ya kilomita 10,000 inachukua milisekunde 50 kwenda tu. Jumla 51.2. Sasa ongeza kasi ya laini mara kumi: kusukuma kunashuka hadi 0.12, jumla 50.12. Umelipia laini ghali mara kadhaa na pakiti imewahi kwa milisekunde moja. Aliyeielewa hesabu hii haendi kumshauri bosi wake anunue kasi zaidi kwa tatizo ambalo ni la umbali.

Linganisha na setilaiti iliyotulia juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Kupanda na kushuka ni karibu kilomita 71,600, ambayo ni milisekunde 239 kwa upande mmoja, na karibu 480 swali na jibu. Pwani yetu iliishi hivyo hadi mkongo wa SEACOM ulipofika mwaka 2009, ukafuatwa na EASSy mwaka 2010. Wazee wa kazi wanakumbuka simu za intaneti za enzi hizo, kila mtu akimkatiza mwenzake.

Hatua ya 4: Matabaka, kwa kifupi

OSI, iliyotolewa kama kiwango mwaka 1984, ina matabaka saba na ni lugha ya kufikiria. TCP/IP ndiyo inayotumika. ARPANET ilihamia kwake tarehe 1 Januari 1983. Jifunze OSI ili uelewane na watu, maana fundi akisema "tatizo la tabaka la pili" anamaanisha swichi na MAC. Usitumie wiki nzima hapo.

Hatua ya 5: Makosa na dirisha

CRC, njia ya kugundua makosa kwa kuambatanisha baki la mgawanyo, ifanye kwa mkono mpaka ikae. Mfano mdogo: data 1101, kigawanyo 1011. Ongeza sufuri tatu upate 1101000, kisha gawanya kwa XOR, bila kukopa wala kubeba. Baki ni 001, kwa hiyo unatuma 1101001. Mpokeaji akigawanya kwa 1011 na kupata sufuri tupu, anaikubali. Fanya kumi za namna hii na swali la mtihani litakuwa kazi ya dakika tano.

Dirisha la TCP ndilo linaloeleza fumbo linalowasumbua watu wengi maofisini: laini ni megabiti 100, hakuna anayeitumia, lakini faili moja kutoka ng'ambo linakuja kwa kujikokota. Dirisha la asili la TCP halizidi baiti 65,535. Mtumaji akishatuma kiasi hicho lazima asubiri uthibitisho. Kama kwenda na kurudi ni milisekunde 100, hawezi kuzidi baiti 65,535 kila sehemu ya kumi ya sekunde, yaani kama megabiti 5.2 kwa sekunde. Ili kuijaza laini ya megabiti 100 anahitaji biti milioni 10 zikiwa njiani, yaani megabaiti 1.25. Ndiyo maana ya nyongeza ya kukuza dirisha ambayo mifumo ya leo inaitumia. Ukikutana na zidisho la kasi na muda wa mzunguko kwenye karatasi ya mtihani, wanakuulizia jambo hili.

Hatua ya 6: Kugawa mtandao mpaka iwe kama kuhesabu chenji

Hapa ndipo penye alama za uhakika, kwa hiyo usiziache. Chukua chuo kidogo cha kufikirika kule Mbezi kilichopewa 192.168.10.0/24 (biti 24 za mwanzo ni za mtandao, 8 zilizobaki ni za vifaa). Hosteli ina vifaa 100, maabara 50, ofisi 20, na kuna kiungo kimoja kati ya ruta mbili.

Anza na mkubwa. Vifaa 100 vinahitaji biti 7 za vifaa, maana 2 kwa kipeo cha 7 ni 128. Toa anwani ya mtandao na ya kutangazia, zinabaki 126. Hiyo ni /25, kuanzia .0 hadi .127. Maabara inahitaji biti 6, anwani 64, za kutumika 62; hiyo ni /26, kuanzia .128 hadi .191. Ofisi inahitaji biti 5, za kutumika 30; ni /27, kuanzia .192 hadi .223. Kiungo cha ruta kinahitaji anwani mbili tu. Ni /30, kuanzia .224 hadi .227. Zinazobaki, .228 hadi .255, ni akiba.

Ukianza na mdogo, kama wengi wanavyofanya, unajikuta unataka kuweka fungu la 128 mahali ambapo mpaka wake hauruhusu. Fungu la 128 huanzia .0 au .128 tu, la 64 huanzia kwenye zidisho la 64. Kanuni hiyo peke yake inakulinda na makosa mengi.

Jitungie maswali. Mkiwa kwenye diskasheni, mmoja ataje idadi ya vifaa, mwingine agawe, wa tatu asahihishe. Mkimaliza hayo, ongezeni IPv6, yenye biti 128. Msiikwepe kwa sababu ni ndefu. Kugawa kwake ni rahisi zaidi kwa kuwa huna haja ya kuhesabu vifaa.

Hatua ya 7: Tia mikono

Maabara ya chuo mara nyingi ina vifaa vichache na wanafunzi wengi. Nilipokuwa nasoma, tulikuwa kumi na zaidi kwenye swichi moja, na wengine walimaliza muhula hawajawahi kuigusa. Usiruhusu likukute. Vitu vinne vinatosha nyumbani.

Cha kwanza ni Packet Tracer, ambayo Cisco huitoa bure kwa anayejisajili kwenye mafunzo yao. Ipakue mara moja chuoni, usimalize bando lako. Jenga humo kile chuo cha Mbezi, kisha kivunje kwa makusudi: badilisha maski ya kompyuta moja, zima mlango wa swichi, halafu mwite mwenzako atafute kosa.

Cha pili ni Wireshark. Anza kunasa, fungua tovuti moja, simamisha. Tafuta DNS, kisha zile pakiti tatu za SYN, SYN-ACK na ACK ulizozichora ukutani. Siku utakapoziona kwa macho yako, manila ile itakuwa hai. Nasa mawasiliano ya kifaa chako na mtandao wako tu. Kunasa ya wenzako kwenye Wi-Fi ya hosteli ni uvamizi wa faragha yao, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haina msamaha kwa sababu ulikuwa unajifunza.

Cha tatu ni amri za kawaida: ping, na traceroute, inayoonyesha kila ruta njiani, ambayo kwenye Windows huandikwa tracert. Pima ruta yako, tovuti iliyohifadhiwa hapa nchini, na seva ya Ulaya. Pima asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku, kwa wiki moja, uandike daftarini. Umbali haubadiliki kati ya asubuhi na usiku, kwa hiyo tofauti unayoiona sehemu kubwa ni foleni.

Cha nne ni kebo. Kariakoo utapata koleo la kubania, vichwa vya RJ45, kitesta na mita chache za Cat6. Mpangilio wa T568B ni: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia jinsi jozi ya kijani inavyoachana ili bluu ipite katikati. Ukipanga jozi kwa jozi kwa sababu inapendeza macho, na ukafanya vivyo hivyo upande wa pili, kitesta kitawaka taa zote, lakini kebo itakusaliti kwenye kasi kubwa, kwa kuwa waya zinazobeba ishara moja hazijasokotwa pamoja na kelele za jirani zinaingia. Usifungue msokoto zaidi ya milimita 13, ganda la nje liingie ndani ya kichwa, na urefu usizidi mita 100.

Hatua ya 8: Tumia jiji

Dar es Salaam ndiko mikongo ya baharini inakofika nchi kavu, na ndiko kilipo kituo cha TIX (Tanzania Internet Exchange), ambapo watoa huduma wa ndani hubadilishana data bila kuitoa nje ya nchi. Tarehe 12 Mei 2024, SEACOM na EASSy zilipokatika, intaneti ilidorora nchi nzima na nchi jirani. Chukua tukio hilo uliandikie kurasa mbili: njia zipi zilibaki, BGP ilifanya nini, kwa nini tovuti zilizohifadhiwa ndani ziliathirika kidogo. Zoezi hilo linaunganisha kozi nzima, na ni mada nzuri ya mradi wa mwaka wa mwisho.

Hatua ya 9: Lugha na mtihani

Mihadhara ni ya Kiingereza, diskasheni zetu ni za Kiswahili, na wengi hupotelea katikati. Weka daftari la safu mbili: kushoto istilahi kama itakavyoandikwa kwenye mtihani, kulia maelezo yako kwa Kiswahili chako mwenyewe, si tafsiri ya kamusi. Elewa kwa safu ya kulia, jibu kwa ya kushoto. Wiki mbili kabla ya mtihani, andika majibu kamili kwa Kiingereza, kwa muda uliopimwa, maana kuelewa bila kuweza kuandika haraka kunagharimu.

Mitihani iliyopita ifanye bila majibu pembeni. Ukiingia chumba cha mtihani, kabla ya kusoma swali la kwanza, andika vipeo vya 2 na jedwali la maski nyuma ya kijitabu. Kila hesabu iwe na vizio. Mchoro wa safari ya pakiti uchore hata swali lisipouomba.

Hatua ya 10: Mafunzo kwa vitendo

Anza kutafuta nafasi miezi mitatu kabla. Barua za chuo hukaa sana kwenye meza za watu. Usikimbilie kampuni za simu pekee. Benki, hospitali, bandari, watoa huduma wadogo wa intaneti na hata hoteli kubwa zina mitandao, na kwenye timu ndogo utashika kazi mapema. Nenda na laptopu yenye programu zako, daftari, na kebo ya konso (ya kuunganisha laptopu moja kwa moja na ruta au swichi ili kuipanga).

Siku ya kwanza, msalimie fundi mkuu kwa heshima, kisha umwombe akuonyeshe mchoro wa mtandao wao. Sehemu nyingi utakuta haupo, au ni wa miaka mingi iliyopita. Omba ruhusa ya maandishi ya kuuchora upya: kila swichi, kila ruta, kila fungu la anwani, kebo ipi inakwenda wapi. Utazunguka jengo zima, utaingia vyumba vya seva, utajua majina ya watu, na kabla wiki nane hazijaisha wataanza kukuuliza wewe kebo ile ya ghorofa ya tatu inaishia wapi.